Nani Analala Mjini?

(Maneno haya niliyasema mbele ya wakazi, wapangaji na wenye maduka wa katikati ya mji wa Mombasa waliokutana mtaani Tononoka. Wengi waliokosa kufika wameyaomba. Nimeyaandika kama yalivyotoka, picha za ukutani nimeziacha.)

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wangu mlioketi mbele, mama zangu, mwenyekiti wa kikao, na nyinyi vijana mliosimama pale mlangoni kwa kukosa viti: ahsanteni kwa kuniita. Nimeambiwa nisirefushe, maana adhana ya magharibi haimngoji mtu. Nitajitahidi, lakini mnanijua.

Kwa wasionijua, mimi si mwanasiasa na sitafuti kura ya mtu. Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Nilianza na rula na wino, siku hizi ni kompyuta, lakini kazi ni ile ile. Mtu huja na kiwanja chake na pesa zake, namwuliza anataka nini, namchorea, ramani inakwenda kaunti kutafuta muhuri. Basi mabadiliko ya mji huu mimi huyaona mapema, yangali mistari juu ya karatasi. Na katika mistari hiyo kuna kitu kinazidi kupungua: vyumba vya kulala.

Watu wananijia wakitaka stoo. Wanataka vijiduka vidogo vidogo, vingi kadiri orofa itakavyobeba. Wanataka ofisi, wanataka zahanati, wanataka ukumbi wa harusi juu ya paa. Lakini wa kuniambia, "Nichoree chumba cha wanangu, jiko lenye dirisha, na mahali pa kuanika nguo," hapa hapa mjini, huyo nikimpata humwagizia kahawa.

Kwa hiyo leo nimekuja na swali moja. Nani analala mjini? Anayefanya biashara mjini tunamjua, anayepita tunamwona, tena wakati mwingine anatukanyaga. Nauliza nani analala.

Sensa ya 2009 ilitukuta Mombasa nzima tukiwa watu 939,370. Sensa ya 2019 ikatukuta 1,208,333. Katika miaka kumi tumeongezeka zaidi ya laki mbili na nusu. Haya, wanalala wapi? Kisauni walihesabiwa 291,930. Likoni 250,358. Nyali 216,577. Na Mvita, ambayo ndiyo kisiwa chetu hiki, kuanzia Mji wa Kale hadi Shimanzi, kuanzia Tudor hadi Ganjoni? Watu 154,171. Gawanyeni wenyewe. Katika kila watu wanane wa Mombasa, takriban mmoja ndiye anayelala kisiwani. Saba waliobaki wanalala ng'ambo ya maji.

Na asubuhi je? Asubuhi wote wanatujia. Kivuko cha Likoni peke yake kinakadiriwa kuvusha watu wapatao laki tatu kwa siku. Waongezeni wanaopita Daraja la Nyali, waongezeni wa Makupa. Saa mbili asubuhi pale Mwembe Tayari huwezi kutia mguu chini bila kuomba radhi. Saa tatu usiku, mtaa wa pili tu kutoka hapo, unasikia viatu vyako mwenyewe.

Kila tulipopata njia ya kuvuka, tulipata pia nafasi ya kulala mbali. Daraja la kwanza la Nyali, lile lililokuwa likielea, lilifunguliwa mwaka 1931. Hili la saruji likaja 1980. Daraja la miguu la Liwatoni likaja Januari 2021. Mtu asinisikie vibaya nikadhaniwa nalaumu madaraja. Anayelaumu madaraja akawaulize watu wa Mtongwe, waliozika wapenzi wao baada ya ile tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipozama na watu 272 wakafa majini. Tuvukeni salama, na madaraja yaongezwe. Ninachosema ni kwamba kuvuka kumekuwa rahisi na kodi ya mjini imekuwa ngumu, na mambo mawili hayo yakikutana, mtu hufunga virago.

Mnasema, basi kuna ubaya gani? Watu wamepata hewa Kisauni, mji umebaki wa biashara. Miji mingine ndivyo ilivyo.

Nitawapa kisa kimoja, kilitokea kwenye jengo nililolichora, orofa nne, chini maduka ya vitambaa na leso, juu stoo na ofisi. Jumamosi jioni kila mtu akafunga akaenda zake. Usiku bomba likapasuka orofa ya pili. Maji yakaanza kushuka. Mlinzi alikuwepo, msimlaumu, ila alikuwa na majengo matatu ya kuyazungukia. Akasikia maji yanadondoka, akadhani ni mashine za kupoza hewa, maana kila ukuta mjini siku hizi unadondoka. Jumapili yote hakuna mtu. Maji yakashuka Jumapili yote. Jumatatu asubuhi mwenye duka anainua shata, doti za leso zinamfuata miguuni. Mali ya mamilioni.

Sasa niambieni. Zamani kwenye jengo kama hilo, nani angelala orofa ya pili? Mwenye duka mwenyewe na watoto wake! Duka chini, familia juu. Nendeni Mtaa wa Biashara mkatazame juu, msitazame vitambaa, tazameni juu: zile roshani na madirisha ya mbao vilikuwa vya watu. Bomba lingepasuka saa sita, saa sita na dakika tano mtu angekuwa ameamka miguu imeroa, anapiga kelele, na mtaa mzima unajua. Walioamka kwa kelele zile hawakuwa walinzi wala hawakulipwa. Walikuwa wakilala tu. Mtu anayelala ni ulinzi ambao haulipiwi, na sisi tumewaondoa halafu tukaanza kununua kamera.

Hilo la kwanza. La pili ni baraza, na hapa mtanivumilia, maana hili ndilo linaloniuma.

Nyumba ya Kiswahili inaanzia nje. Kabla ya mlango kuna baraza, baada ya mlango kuna ukumbi, vyumba huku na huku, nyuma uani na jiko. Baraza si mali ya mpita njia wala si ya mwenye nyumba peke yake. Mzee anakaa pale na kahawa yake tungu, mgeni anaketi hapo kabla ya kukaribishwa ndani, muuza maji anapumzika, kesi ndogo zinakatwa hapo zisifike kwa chifu. Hata majumba ya mawe ya Wahindi kule barabara ya Digo na Nkrumah yana kitu kama hicho: vibaraza vyenye nguzo, unatembea chini ya kivuli, mvua ikinyesha watu wote wanajibanza mle, tajiri na hamali.

Sasa mteja akija kwangu leo, jambo la kwanza ananiambia ni hili: "Jenga mpaka mwisho wa kiwanja." Nikimwambia tuache baraza, futi tatu tu, ananitazama kama ninamwibia. Futi tatu kwa futi arobaini, anaona pale kuna maduka mawili. Jambo la pili anataka mlango wa chuma, shata la upana wa ukuta mzima. Mchana limefunguka lote, usiku limefungwa lote. Hakuna dirisha, hakuna taa, hakuna pa kukaa. Jambo la tatu ni gari. Akipata nafasi anataka gari liingie chini ya nyumba, yaani pale ambapo watu wangekaa, atakaa Probox.

Nawaambieni kisa cha mama mmoja wa Bondeni. Simtaji, yuko hapa kwenye mkutano na ameshaanza kucheka. Mama huyu alikuwa akiuza viazi karai kwenye pembe ya nyumba moja ya zamani. Alasiri jua likishaelemea upande wa pili, anatoa karai lake, anakaa kwenye baraza ya nyumba ile, unga wa manjano, ukwaju, pilipili. Mahali penyewe hapakuwa na kibali wala jina. Lakini wazee wa nyumba ile walimwachia ufunguo. Mtoto akirudi chuoni akakuta mama yake hayuko, anaketi kwa mama wa viazi. Mgeni akiuliza nyumba ya fulani, anaelekezwa na mama wa viazi. Mgonjwa akipatikana, simu ya kwanza inapigwa na mama wa viazi. Siku hizi kazi hizo zina maofisa wake, wana vyeo na magari.

Nyumba ikauzwa, ikabomolewa. Ikajengwa nyumba ya orofa sita. Nzuri, vigae vinang'aa. Ukuta umeshuka moja kwa moja mpaka kwenye lami, na mashata manne. Mama akahamia upande wa pili wa barabara. Upande wa pili hauna kivuli alasiri, na viazi karai ni chakula cha alasiri. Akajaribu mwavuli. Bodaboda zikamgonga karai. Sasa anakaangia nyumbani kwake, watoto wanabeba kwenye ndoo ya plastiki wakiuza kwa kutembea. Biashara haikufa, mwanamke yule hafi njaa, ana mikono. Lakini ufunguo anamwachia nani? Mtoto anaketi wapi?

Hamkumwona mtu aliyefanya kosa katika kisa hiki, sivyo? Mwenye nyumba alinunua kihalali, ramani ilipigwa muhuri kihalali. Ndiyo maana nawaambia jambo hili ni gumu. Hakuna mwizi wa kumkamata.

Mwaka 2018 kaunti iliamuru majengo ya katikati ya mji yapakwe rangi nyeupe na buluu. Mimi binafsi nilifurahi. Wengine hapa mlinung'unika kwa gharama, nawajua, lakini mji ulipendeza na picha zilipigwa. Ila rangi hupakwa nje. Ukuta mweupe na buluu usio na mlango wa mtu kuketi ni ukuta tu.

Tuingie Mji wa Kale kidogo. Kule kuna sheria za hifadhi, na ngome ya Fort Jesus iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011. Kwa hiyo mnadhani kule ndiko salama. Nyumba za kule ni za mawe ya matumbawe, chokaa, na dari za boriti za mikoko. Kwa sababu boriti haizidi urefu wake, vyumba ni vyembamba na virefu. Nyumba namna hiyo inataka mtu ndani. Paa likivuja kidogo, anayelala chini yake anasikia tone, anaweka sufuria, kesho anamwita fundi. Kama hakuna anayelala, tone linaingia kwenye boriti, boriti inaoza kimya kimya pale inapoingia ukutani, na siku moja dari iko sakafuni. Halafu anakuja fundi wa haraka anapiga plasta ya simenti juu ya chokaa. Jamani, msipige simenti juu ya chokaa! Ukuta wa matumbawe unavuta unyevu na chumvi, chokaa inauachia utoke, simenti inaufungia ndani. Miaka michache ukuta unabanduka kama ngozi. Hilo nimelisema bure, kwa kawaida ushauri huo nalipisha.

Na kwa nini hakuna anayelala? Mara nyingi ni mirathi. Babu alifariki, nyumba ikawa ya watoto saba, watoto wakazaa, wengine wako Dubai, wengine Uingereza, mmoja Kongowea, na kila mmoja ana sehemu yake ambayo haitoshi hata kukaa kitako. Kuuza hawakubaliani, kutengeneza hawachangi. Nilikwenda kupima nyumba moja Kuze, mrithi mmoja alinifungulia mlango, mwingine akanipigia simu kutoka ng'ambo nisipime. Nikakunja futi yangu nikaenda kunywa chai.

Nyumba nyingine zinageuzwa za wageni, wa siku mbili tatu. Hapa mimi na rafiki zangu wa hifadhi hatukubaliani sana. Wao wanasema wageni wanaua mtaa. Mimi nasema nyumba yenye mgeni ni bora kuliko nyumba iliyoanguka, na pesa za wageni zimeokoa milango ya nakshi kadhaa ninayoijua. Lakini nakubali hili: mgeni hawezi kuzika. Mtaa ukifiwa saa nane usiku, unahitaji watu wa kubeba jeneza, wa kukoroga uji, wa kutandika mikeka. Mtaa wa wageni watupu utabeba na nani?

Haya, la tatu. Ardhi. Naona wazee wa Majengo wameanza kunyanyua shingo.

Nyote mnajua, lakini vijana huenda hawajui, kwamba katika pwani yetu hii nyumba inaweza kuwa yako na ardhi isiwe yako. Wakoloni walileta sheria ya hati za ardhi mwaka 1908. Kila anayedai ardhi ukanda huu wa pwani apeleke madai yake. Waliojua wakapeleka, wasiojua wakalala wakaamka wako kwenye ardhi ya mtu, au ya Mfalme wa Uingereza. Tangu hapo tukaizoea hali: mtu anajenga nyumba yake ya Kiswahili, vyumba sita, analipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja kila mwezi, anapangisha vyumba, analala kimoja. Watu waliolisha bandari hii, mahamali, makuli, mafundi wa reli, walilala katika vyumba hivyo.

Januari 1947 wafanyakazi wa mji huu waligoma, bandari ikasimama, reli ikasimama, mahoteli yakasimama. Walikuwa wakikutana kiwanjani Majengo, wakakiita Kiwanja cha Maskini. Walitaka nini? Mshahara, ndiyo. Lakini mshahara ule ulikuwa unakwenda wapi? Kodi ya chumba! Maisha ya mjini yalikuwa yamepanda na chumba kilikuwa ni vita. Hata kabla ya hapo, mgomo wa 1939 ulizaa tume, na mambo ya nyumba yakawa mezani. Nyumba za manispaa mlizokulia, za Tononoka hapa tulipo, za Buxton, hazikudondoka kutoka mbinguni. Watu waligoma. Kulala karibu na kazi kulipiganiwa.

Buxton imeshabomolewa na majengo marefu yamesimama mahali pake. Kuna wanaosifu na kuna wanaolia, na wote nimewasikia. Mimi nitauliza lile lile swali langu: aliyelala pale zamani, amerudi kulala pale? Kama amerudi, pongezi. Kama hakurudi, analala wapi? Jibu ni watu wa mtaa wanaolijua, tutafika huko.

Kisa cha tatu ni cha bibi mmoja wa Majengo, Mungu amrehemu. Nyumba yake ya vyumba sita aliijenga kwa pesa ya mahamri. Namaanisha hasa: mahamri na mbaazi, kila alfajiri, mpaka akapata mabati. Kodi ya kiwanja hakuchelewesha, risiti alizihifadhi kwenye bati la biskuti. Mwenye ardhi akafariki, watoto wake wakauza. Aliyenunua akatuma barua kupitia kwa wakili. Bibi hakusoma, akaniletea mimi, kwa kuwa nilikuwa mtu wa karatasi. Barua ilisema kwa adabu nyingi kwamba ardhi inahitajika. Tukaenda, mimi na mjukuu wake, kuzungumza. Tukasema, lakini nyumba ni yake. Tukajibiwa: naam, nyumba ni yake, hatukatai, aichukue.

Aichukue. Nyumba ya udongo na mawe, aibebe mgongoni aende nayo.

Alikwenda kukaa kwa binti yake Mishomoroni. Wapangaji watano nao wakatawanyika, mmoja alikuwa hamali wa soko la Marikiti aliyekuwa akienda kazini kwa miguu kabla ya alfajiri. Marikiti, msisahau, iko pale tangu 1914, na mboga zinafika usiku. Mtu wa usiku anahitaji kulala karibu. Sasa anapanda matatu mbili, au analala juu ya magunia. Hesabuni mahamali wanaolala juu ya magunia pale, halafu mniambie wao ni wachafu.

Kiwanja cha bibi ni uwanja wa kuegesha magari mpaka leo.

Ningeweza kuendelea na stesheni. Nitaligusa tu. Treni ya abiria ilikuwa ikiwashusha watu hapa hapa mjini, mwisho wa barabara ya Haile Selassie. Tangu katikati ya 2017 reli mpya inawashusha Miritini. Wenye vyumba vya wageni vya bei nafuu na mikahawa ya mahali pale wanajua kilichowapata, na hakuna aliyewauliza. Vivyo hivyo mwaka 2019 makontena yalipolazimishwa kwenda Nairobi kwa treni, Shimanzi na Ganjoni zikafunga maghala, watu wakaandamana, hadi agizo likaondolewa Septemba 2022. Na wachuuzi wa kando ya njia, najua mmekuja mkitaka nizungumze juu yao. Sitazungumza. Kila mkutano mjini unaishia kugombana juu ya wachuuzi, na wachuuzi ni watu wa mchana. Mimi leo nimekuja na habari za usiku.

Basi tunafanya nini? Maana mtu akilalama sana bila kusema la kufanya, anaambiwa ni mzee.

Kwanza, wenye majengo mliomo humu. Siwaombi sadaka. Mkileta ramani kwangu au kwa mwingine, orofa moja, moja tu, iwe ya watu. Maji ni tatizo, nafahamu. Mabomba ya mjini yalilazwa kwa nyumba fupi, na mitungi ya mkokoteni haipandi ngazi kwa furaha. Chimbeni tangi chini, wekeni pampu. Kuna sheria ya 2020 inayowezesha mtu kuwa na hati ya fleti yake peke yake ndani ya jengo, kwa hiyo hata kuuza orofa hiyo kwa familia inawezekana. Na futi tatu za baraza. Niacheni nizichore. Mkiona hasara, mje mnitukane.

Pili, sisi wapangaji na wakazi. Sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 inamtaka anayeomba kujenga au kubadilisha matumizi ya mahali atoe ilani kwa umma, na ilani iwakaribishe watu kuleta pingamizi. Mmewahi kuiona ilani hiyo? Nani amewahi? Naona mikono miwili. Huwa iko kwenye gazeti, kwa maandishi ya chungu, ukurasa ambao watu hufungia samaki. Nataka kila mtaa uwe na kijana mmoja wa kusoma ukurasa huo. Na pingamizi ikiandikwa isiwe ya matusi. Nimeshaziona ofisini, zile za matusi zinawekwa upande. Andika: hapa wanalala watu kadhaa, ikibadilishwa watahamia wapi?

Lakini kuandika "watu kadhaa" hakutoshi, na hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo. Sensa inatuhesabu kwa maeneo ya utawala. Tunayoikosa ni hesabu ya mtaa kwa mtaa, jengo kwa jengo. Nani anajua Bondeni kuna vitanda vingapi? Kibokoni? Guraya? Hakuna anayejua. Tukienda kaunti na machozi tutapewa pole. Tukienda na hesabu itabidi tujibiwe.

Kwa hiyo tuhesabu vitanda. Kazi yenyewe ni nyepesi. Unakwenda na karatasi, unasimama mbele ya jengo, unauliza mambo manne: orofa ngapi, orofa ngapi zinalaliwa, wanaolala ni wangapi, na miaka mitano nyuma walikuwa wangapi. Basi. Usiulize majina. Usiulize kodi, watu watakuficha, na wana haki. Usiulize karatasi za mtu wala kabila lake, atakayeuliza hayo namtoa. Mkikuta jengo limefungwa, rudini usiku mtazame taa. Jengo lenye taa juu lina mtu. Nendeni wawili wawili, kijana wa kiume na wa kike, kwa sababu mama hamfungulii mwanamume asiyemjua, na ndivyo inavyopasa.

Fomu nimezipiga chapa mwenyewe, ziko kwa yule binti mwenye mtandio wa kijani pale mlangoni. Kibokoni na Kuze zimeshachukuliwa na wanafunzi wetu. Bondeni anaichukua mama wa viazi, hamkujua, tumeshaelewana, na yeye hahitaji fomu. Ganjoni nitaifanya mimi na mke wangu. Tudor wamesema watanipigia simu. Imebaki Majengo, na Majengo ni kubwa, inataka watu wasiopungua kumi, tena wanaojua vichochoro. Naona wazee wanawatazama vijana, na vijana wanatazama simu zao. Haya, nani anachukua Majengo?